Barua kwa mwanangu: umeniuliza kuhusu mama yako mdogo

Mwanangu mpendwa,

Jumapili ulipopiga simu nilikudanganya. Nilisema mtandao unakatika, kumbe sauti yako ilikuwa inafika vizuri tu. Swali lako ndilo lililonikaba. Ulisema mlipita makaburini Igoma na wenzako wa kazini, mkaanza kubishana kama kuzama kwa meli ya MV Bukoba kwenye Ziwa Victoria kulikuwa amri ya Mungu au uzembe wa watu. Halafu ukauliza, "Mama, mama mdogo alikufa kwa sababu gani hasa?" Kwa simu nisingeweza, baba. Acha niandike.

Tulikuwa wachuuzi wa ndizi, mimi na yeye. Tunanunua mikungu vijijini, tunaishusha bandari ya Kemondo, usiku tunasafiri, asubuhi tuko Mwanza. Mikungu ya watu wote ilirundikwa pamoja, kwa hiyo kila mtu alikuwa na alama yake. Mama yako mdogo alichana kanga kuukuu akafunga kitambaa kwenye kikonyo cha kila mkungu. Mimi nilikuwa nachora kwa kisu tu, ndiyo maana zangu ziliibwa sana. Tulikaa daraja la tatu, mara nyingi juu ya ndizi zetu wenyewe. Na meli ile tuliijua. Ilikuwa na tabia ya kulalia upande, na ikishalala inachelewa kuinuka. Tulikuwa tunacheka, tunasema leo imekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nakuandikia hili kwa sababu baadaye watu wengi walisema hakuna aliyejua.

Safari ile sikwenda. Usiniambie ni muujiza. Nilikuwa na mimba kubwa ya dada yako, na ngazi za meli zilikuwa zimenishinda. Ilipinduka asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, ikiwa imeshakaribia Mwanza. Ilitakiwa kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Unaelewa maana yake? Ukisikia leo "zaidi ya watu 800", jua hesabu hiyo imetokana na maiti na vilio vya ndugu, maana karatasi yenye jina la mama yako mdogo haikuwahi kuwepo. Alilipa nauli, akapanda, basi. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu, na sisi siku hizo tulikuwa barabarani, tunazunguka Biharamulo na Geita. Pale Busisi ilibidi tupande pantoni. Watu walikataa kushuka garini. Leo pale kuna daraja, wewe unapita unachezea simu.

Kuna jambo la siku ile ambalo bibi yako hakutaka lisemwe nyumbani. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lilibaki juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu hai, wanagonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Lakini kilichoishikilia ile meli ilikuwa hewa iliyonaswa ndani yake. Tundu lilipopatikana, hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikaenda chini na waliokuwemo. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Siwezi kuwachukia, na nimejaribu.

Ndiyo maana mwaka 2018 nililia peke yangu mbele ya runinga. Unakumbuka MV Nyerere, ile ya kutoka Bugolora kwenda Ukara? Kivuko cha watu 101 kilichukua watu wengi mno kiasi kwamba waliokufa tu walizidi 220, tena kilibakiza mita chache kifike gatini. Siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi mmoja akiwa hai, alikuwa kwenye kijisehemu cha hewa karibu na injini. Walimfuata chini ya maji. Kila mtu alikuwa anashangilia, mimi nikawa nafikiria miaka 22.

Sasa Mungu. Wewe na wenzako mnataka upande mmoja ushinde, nami nitakupa mfano usiompendeza mtu. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa alasiri imepita kidogo, ardhi ya Bukoba ilitetemeka, ukubwa wa 5.9. Hilo hakuna waziri wala nahodha wa kulaumiwa. Ardhi yetu huku iko kando ya Bonde la Ufa, inavutwa huku na huku tangu kabla ya mababu. Watu kumi na kadhaa walikufa na maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Lakini nenda ukaangalie zilizoanguka. Nyingi ni za tofali za udongo, zimejengwa juu mpaka kwenye paa bila mkanda wa zege na nondo wa kuzifunga kuta.

Ya kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Ule ukuta wa chumba chako ulioangukia kitanda, ukiwa shuleni, nilikwambia ni tetemeko. Wakati wa kujenga, fundi aliniandikia nondo, ringi zake na saruji ya mkanda. Nilikata mwenyewe kwa kalamu. Ulikuwa unaingia kidato cha kwanza, kulikuwa na godoro, ndoo, sare na mazagazaga mengine ya bweni. Nikasema nyumba imesimama hivi kwa jirani miaka 20, na yetu itasimama.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu mama yako mdogo nitakwambia hivi: ziwa lilikuwa la Mungu, lakini meli mbovu, abiria wasioandikwa na tundu lile vilikuwa vya watu. Sijamsikia yeyote aliyetaja dhoruba. Mkishindana tena waambie mama yangu amesema hivyo. Ila na mimi unitie kwenye hesabu, mimi niliyekuwa nacheka meli ikilala, nikarudi kukata tiketi wiki iliyofuata kwa sababu nauli ilikuwa rahisi.

Hatukumtambua pale uwanjani walikolazwa maiti. Tulizunguka mistari ile siku mbili. Yupo Igoma kati ya wasiojulikana, au yupo ziwani, sijui. Ukipita tena usinipigie simu kutoka pale, nipigie ukifika nyumbani.

Hela uliyotuma imefika. Fundi mwingine amekuja, anasema mkanda wa jiko utachukua nondo sita, nimelipia. Na kesho naleta mikungu mitatu stendi, dereva ni yule wa siku zote. Miwili ni ya dada yako. Wenye kitambaa ni wako.

Mama yako