Ruzuku ya Sanaa na Wakazi wa Mtaa

SWALI: Kikundi chetu cha ngoma kinaomba ruzuku kwa asasi ya sanaa ya Afrika Mashariki. Je, fedha hurejeshwa, na kwa nini wanadai mpango wa kuwashirikisha wakazi? Msomaji, Temeke.

JIBU: Ruzuku si mkopo, ila mara nyingi hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri taarifa ya matumizi yenye stakabadhi; inaumiza kuona kikundi chenye kipaji kikikwama hapo, kwa hiyo teueni mweka hazina mapema. Wakazi wanatajwa kwa sababu asasi isiyo ya faida hupokea fedha za wafadhili kwa manufaa ya jamii, na ngoma isiyowafikia majirani haitimizi lengo hilo. Msaada pia si fedha pekee: Nafasi Art Space, kituo cha sanaa cha Mikocheni, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2008, huwapa wasanii studio, mafunzo na maonyesho.