Kabla ya kusaini, andika idadi ya saa

Msomaji ameniuliza kama kifungu kisemacho "mfumo uwe thabiti na wa kutegemewa" kinatosha katika mkataba wa kununua programu. Hakitoshi. Mfumo ukizima mara nne kwa wiki, muuzaji atashikilia kuwa ni thabiti, na hutakuwa na la kumjibu.

Andika namba. Tuseme unataka wastani wa saa 500 za kazi kati ya hitilafu moja na nyingine. Hapohapo eleza hitilafu ni nini: muamala uliopotea, jibu lisilo sahihi, ukurasa usiofunguka ndani ya sekunde 10. Usihesabu kasoro zilizomo kwenye msimbo, maana kasoro moja huzaa hitilafu mia na nyingine isionekane kamwe. Katika jaribio la kuthibitisha namba hiyo, saa zinazohesabiwa ni zile ambazo programu imebeba mzigo wa kazi. Seva iliyokesha bila kazi haijathibitisha kitu. Kama katika kila maombi 100 ya watumiaji 70 ni ya kutafuta, 25 ya kusajili na 5 ya ripoti, jaribio lifuate uwiano huohuo.

Wengi huteleza hapa: saa 500 hazithibitishwi kwa jaribio la saa 500. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, programu iende mara tatu ya hapo, saa 1,500, bila hitilafu hata moja. Mkikubaliana mapema kuruhusu moja, zinakuwa takriban 2,370. Muuzaji akibadilisha msimbo katikati, hesabu inaanza upya. Atalalamika. Mwache alalamike.

Saa 1,500 ni zaidi ya miezi miwili kwa mashine moja. Kuzigawa kwa mashine tatu kunaokoa siku, ila kunaficha hitilafu zinazokomaa polepole, kama memori inayovuja, yaani programu inayozidi kushika memori bila kuiachia. Huko Dhahran, Saudi Arabia, Februari 1991, mtambo wa Marekani wa makombora ya Patriot, ya kutungua makombora ya adui, ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa dogo la kukata tarakimu katika hesabu ya muda lilikuwa limefika sekunde 0.34, kombora la Scud la Iraq likapita, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Basi angalau mashine moja iachwe bila kuzimwa, muda mrefu kuliko itakavyowahi kukaa imewashwa mfululizo kazini.

Muda wa kurejesha mfumo nao uandikwe. Hitilafu moja kila saa 500, ikichukua saa 2 kurekebishwa, inakupa upatikanaji, yaani sehemu ya muda ambayo mfumo unafanya kazi, wa asilimia 99.6. Ikichukua dakika 15, ni 99.95, na programu ni ileile. Pima hilo kwa kuuzima mfumo makusudi ukiwa na mzigo kamili, bila kumwambia muuzaji siku wala saa.