Mafumbo 24 hayatoshi

Swali: Nina programu mbili za sataranji. Nikizipa mafumbo ya Bratko-Kopec nitajua ipi kali zaidi?

Jibu: Si rahisi. Ni mafumbo 24 ya mwaka 1982, dakika 2 kila moja; 12 ya mbinu, 12 ya kusukuma vitunda (kete ndogo za mbele). Programu za leo huyamaliza karibu yote, na kufumbua haraka si kushinda mechi.

Ukiyatumia, weka kiini kimoja cha prosesa: vikiwa vingi, matokeo hubadilika kila ukirudia. Futa kumbukumbu ya hashi (programu huhifadhi humo ilichokwisha kukokotoa) kabla ya kila fumbo, la sivyo matokeo ya hesabu zilizopita huisaidia programu. Ipe alama tu ikiwa jibu sahihi limebaki kuwa chaguo lake hadi muda uishe. Kulichagua kwa muda tu kisha kuliacha ni bahati.

Kisha zichezeshe mechi mamia, kila ufunguzi mara mbili kwa kubadilishana rangi.