Tangi kubwa la maji chumvi: nani akae na nani, na nani aingie mwisho

Tangi lenyewe lina urefu wa mita 2.4, upana sentimita 90 na kina sentimita 80. Ukipiga hesabu ni lita 1,728, lakini ukitoa mawe na ile nafasi inayoachwa juu, maji ni kama lita 1,500 hivi. Liko kwenye mkahawa mmoja hapa Nyali, Mombasa, na mimi ndiye mtunzaji wake, mwaka wa sita huu. Wageni husimama mbele yake kabla hata hawajatafuta meza. Hawakuliona mwaka wa kwanza, lilipokuwa na samaki watano waliokuwa wakifukuzana usiku na mchana, na wengine wote nimeshawatupa.

Kosa lilikuwa langu. Nilichagua samaki kwa rangi, kama mtu anayechagua leso.

Nilikuwa nimeambiwa tangi jipya lazima lianze na samaki sugu, wasiokufa ovyo, ili bakteria wapate kukua kwenye mawe na mchanga. Bakteria hao ndio wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina sumu kali. Basi nikatia samaki watano weusi tititi wenye madoa matatu meupe, moja la paji la uso na moja kila ubavu. Kwa jina la kitaalamu ni Dascyllus trimaculatus. Baharini utawaona wakiwa wadogo kama sarafu, wamejazana kwenye anemoni, wale wanyama laini kama maua walioshikamana na mwamba, wapole kabisa. Wiki sita baadaye bakteria walikuwa tayari, na wale watano walikuwa wameshagawana tangi lote kama mashamba ya urithi.

Nikamleta kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano. Sisi tunasema mgeni siku mbili. Wale hawakumpa hata saa mbili. Kufikia asubuhi mapezi yalikuwa yamechanika, amejibana nyuma ya bomba la pampu, chakula kinampita puani hakigusi. Siku ya nne nikamtoa amekufa.

Kuwatoa wale watano ndiko kulikonifunza zaidi. Wavu hausaidii, wakiuona tu wanaingia chini ya mawe. Nilikata chupa ya plastiki ya maji sehemu ya shingo, nikaigeuza shingo iangalie ndani, nikatia kipande cha nyama ya kamba kuwa chambo na kokoto ya kuizamisha, nikafunga uzi. Siku ya kwanza waliizunguka tu. Siku ya pili mmoja akaingia kichwa, akatoka. Nilikaa pale na uzi mkononi kama mvuvi wa chuchunge huku wahudumu wakinicheka. Siku tisa zikaenda kwa samaki wanne. Wa tano alinilazimisha kutoa mawe yote, moja moja, na kupunguza maji nusu.

Na kumbe bakteria hawahitaji samaki hata mmoja. Kamba mbichi mmoja akiozea ndani ya tangi anatoa amonia ya kutosha kuwaanzishia kazi. Pima maji mpaka amonia na naitraiti zote ziwe sifuri, ndipo ufikirie samaki wa kwanza.

Niliyoyajua baadaye nilifunzwa na mzee mmoja wa Shimoni aliyekuwa akizamia samaki wa mapambo. Nilimuuliza ni samaki gani mkali na gani mpole. Akaniambia, "Mwanangu, wauliza swali la nusu. Uliza na nani alifika kwanza. Baharini anayepigwa hukimbia. Kwenye kioo chako atakimbilia wapi?"

Tangu siku hiyo mimi hupanga foleni. Wapole na waoga huingia kwanza, wachukue vyumba vyao. Wababe huwa wa mwisho, na waingie wakiwa bado wadogo kidogo kuliko wenyeji. Mara ya pili nilianza na samaki wawili wa anemoni wa huku kwetu, Amphiprion akallopisos, wale wa rangi ya chungwa hafifu wenye mstari mweupe mgongoni. Wawili tu. Wote huzaliwa madume, mmoja mwenye nguvu ndiye anayekuja kuwa jike, na akishakuwa jike, samaki wa tatu atapata taabu. Wakafuata Pseudanthias squamipinnis saba, dume moja na majike sita. Hawa nao wana mambo yao: dume akifa, jike mkubwa hugeuka dume. Usitie madume wawili hata kama tangi ni kubwa kama langu. Uwape chakula kidogo kidogo mara tatu nne kwa siku, maana wamezoea kudonoa vidudu vinavyopita na mkondo, na mlo mmoja wa jioni hauwatoshi.

Kangaja ndio wenye kesi nyingi. Wanagombana na anayefanana nao umbo na anayekula kama wao, na kila mmoja ana kisu mkiani, kwenye shina la mkia pande zote mbili. Akikupitia vibaya unapomshika utavuja damu. Ukitaka wawili, chukua wa maumbo tofauti. Mimi nina Zebrasoma desjardinii mwenye mapezi mapana kama tanga, kisha nikamtia tena yule wa buluu. Siku ya kumtia nilibandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande wa kushoto. Mwenyeji akakesha anapigana na sura yake mwenyewe, na mgeni akapata siku mbili za kuzijua njia. Nilibana pia majani ya mwani sehemu mbili tofauti, ili mmoja asikalie chakula chote. Siku ya tatu nikautoa ule ukuta wa plastiki wenye matundu uliowatenga. Walifukuzana mizunguko kama mitano, kisha kila mtu akaenda kula kwake.

Jambo jingine ni kinywa. Tajiri wangu, mwenye mkahawa, alikuwa amempenda sana samaki-simba, Pterois miles, yule mwenye miiba ya sumu na mapezi kama manyoya ya jogoo. "Lakini yuaenda polepole," akaniambia, "atamdhuru nani?" Nikakubali, na hapo nilikuwa najua. Baada ya wiki moja wale Pseudanthias saba walikuwa wanne. Hukuona vita, hukuona maiti. Anamsukumizia mwenzake kwenye kona kwa yale mapezi, anafungua kinywa, basi. Chewa na mkunga ni wale wale: kinachoenea kinywani ni chakula, hata kama kimekuwa jirani kwa mwaka mzima.

Halafu kuna ukubwa. Jamaa mmoja alinipigia simu akasema amenunua kitatange wawili wadogo, buluu iliyokoza na mistari myeupe ya mviringo, mume na mke. Walipokua, mmoja akavaa mistari ya manjano, akawa Pomacanthus imperator. Mwenzake akatoka Pomacanthus semicirculatus. Watoto wa aina hizi mbili wanafanana hivyo, na wazima wote ni wafalme wanaokaribia sentimita 40. Ikawa vita kila asubuhi taa zikiwashwa. Ndiyo maana nakwambia usinunue kwa jina la gatini au la dukani, maana hilo hilo neno kitatange utalisikia likiitwa samaki chungu nzima. Dai jina la kitaalamu, tafuta anakua mpaka wapi, uchague kwa urefu huo. Puju mdogo anapendeza sana, ila akivuka nusu mita tangi langu ni sanduku kwake. Mimi niliishia kwa kitatange mdogo wa huku, Centropyge acanthops, wa manjano na buluu, asiyefika hata sentimita 10.

Kikande nimewakataa karibu wote. Wanang'oa mawe, wanatafuna waya, wanakula kamba na kaa na konokono wote. Niliyemkubali ni Odonus niger, wa buluu nyeusi mwenye meno mekundu, kwa sababu baharini huogelea juu juu akidonoa vinavyopita majini, na hata tangini hana haja sana na miguu ya kamba na kaa. Hata hivyo aliingia wa mwisho kabisa.

Wengine waache baharini. Zanclus cornutus na pezi lake refu kama utepe hufa njaa mbele ya chakula. Yule mdogo anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, naye hukonda wateja wakiwa wachache. Samaki-sanduku akipata hofu kubwa au akifa hutoa sumu inayoweza kuua tangi zima.

Kila anayeingia apite karantini, tangi dogo la pembeni, wiki nne mpaka sita. Kangaja wa buluu hasa, maana yeye na vidoadoa vyeupe vya Cryptocaryon, kimelea cha samaki, ni pete na kidole. Dawa yake ya shaba huua kamba na matumbawe, kwa hiyo huwezi kuitia kwenye tangi kubwa. Ugonjwa ukiingia humo, samaki wote watoke na tangi likae bila samaki. Siku 76 ndizo wanazozishika wafugaji wengi. Nilishakaa na tangi tupu la namna hiyo mbele ya wateja. Sitaki tena.

Maji tunachota baharini wakati wa bamvua yakiwa yamejaa, kamwe si baada ya mvua za masika mito ikishamwaga matope. Na samaki wa kununua, nunua kwa mwenye leseni. Ndani ya hifadhi za bahari, kuanzia Malindi na Watamu zilizotengwa 1968, hatoki samaki.

Sasa ndani mna 15. Wale wa anemoni wawili, saba wa dume na majike (watatu ilibidi niwanunue upya), kitatange mdogo mmoja, kangaja wawili, kikande mmoja na vipepeo wawili wa Heniochus wenye utepe mgongoni. Tajiri anataka 30, na kila mwezi tunabishana.

Samaki-simba yuko kwenye tangi lake karibu na kaunta. Anakaa na mkunga wa madoadoa, Echidna nebulosa, mla kaa. Huu mwaka wa nne, na hakuna hata mmoja anayeenea kinywani mwa mwenzake.