Kuvizia jua: barua zenu za masika

Ukurasa wa mwezi huu nimeuandika kwa vituo, maana kila mvua ikianuka nalazimika kuinuka. Hapa Ngamiani, Tanga, wingu limefunga tangu wiki iliyopita, ua mzima ni tope, na bata wa jirani ndiye peke yake anayetembea kwa maringo. Barua zenu nazo karibu zote zinanuka unyevu. Naanza na ile iliyoninyima usingizi.

*Shikamoo Bibi. Nimejifungua mtoto wa kwanza, ana wiki tatu. Mama mkwe amekuja kunilea mpaka arobaini itimie, na kwa kweli ananilea vizuri: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, mtoto akilia usiku ananyanyuka yeye kwanza. Shida ni nepi. Mvua haikatiki na nepi hazikauki, basi kila usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani tunamolala sote watatu, anazitandaza kwenye viti kulizunguka, anafunga dirisha, na chini ya mlango anaziba kwa kanga baridi isimpige mtoto. Asubuhi naamka kichwa kinagonga na moyo unachafuka. Mume wangu anasema ni uchovu wa uzazi. Nikimwambia mama, ataona nakataa malezi yake. Nifanyeje?*
*Mzazi, Muheza*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Jiko litoke leo. Barua hii usiimalize kwanza, kama liko ndani sasa hivi fungua mlango na dirisha, mchukue mtoto mtoke nje, halafu urudi kuendelea kunisoma.

Sisi wa pwani tumelelewa kuamini kwamba moshi ndio mbaya, na makaa yakishakolea, yakawa mekundu bila moshi, yamekuwa salama. Ndiyo maana mama anaingiza jiko likiwa limekolea vizuri, naamini kabisa anasubiri barazani mpaka moshi uishe. Lakini makaa hayo mekundu ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni katika damu. Kwanza kichwa, kisha kichefuchefu na kizunguzungu, kisha usingizi mzito. Aliyelala haamshwi na kitu.

Naijua kwa sababu mimi mwenyewe nilijifungua kifungua mimba wangu mwezi wa Aprili, mwaka 1984, na mama yangu mzazi, si mkwe, aliniwekea jiko chini ya kitanda cha kamba. Usiku wa nne niliamka nikitaka maji, miguu haikunibeba. Nilianguka na mlango nikaufungua kwa paji la uso. Alama iko hadi leo, hapa juu ya jicho la kushoto, wajukuu wanadhani nilipigwa. Hewa ya ukumbini ndiyo iliyotuponya mimi na mwanangu, na mama alilia siku mbili.

Sasa namna ya kumwambia. Usianze na jiko. Kesho asubuhi mkishaamkiana, muulize: "Mama, na wewe kichwa hakikuumi?" Ninaweka rehani kanga zangu kwamba kinamuuma. Yeye anadhani ni umri au presha, wewe unaambiwa ni uzazi. Lakini uzazi hauumizi kichwa cha mama mkwe. Wote mkiamka vichwa vinauma, kisha vikatulia mkikaa nje, mmeshapata jibu, na mtu mzima hahitaji kuambiwa zaidi. Hapo ndipo useme, "Basi mama, tulitoe jiko tukakae nalo barazani," umpe na mkeka akalie. Mumeo naye afanye kazi moja, kulibeba. Na ukienda kliniki mtaje muuguzi habari ya jiko, usiseme kichwa tu. Kichwa kikiendelea, au mtoto akilegea au kukataa ziwa, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Nepi je? Jiko likiwa kwenye baraza lililo wazi, funika juu yake tenga, lile la kufunikia kuku likioshwa linafaa, utandaze nepi juu ya tenga. Mama zetu walifukiza nguo kwa udi namna hiyo hiyo, chetezo chini, nguo juu. Asitoke mtu akaliacha, kitambaa kikidondoka kwenye makaa ni moto. Nepi nene za taulo ziweke kando mpaka mvua zipungue, kata kanga kuukuu vipande vya mraba, kipande kimoja kinakauka kabla taulo halijaacha kuchuruzika. Kisha pasi. Kila nepi, hata ile unayoiona imekauka, piga pasi ya moto pande zote mbili na kwenye mishono, kwa sababu yuko nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na mayai yake yakigusa ngozi ya mtoto yanatoa funza. Pasi inamaliza mambo mawili kwa mkono mmoja.

Na mtoto hatapata baridi. Mvishe kofia na soksi, mweke kifuani kwako. Muheza si Ulaya.

(Nimeondoka hapa nusu saa. Jua lilitoka kwa ghafla, nikakimbiza mito miwili na unga wa muhogo kwenye ungo. Nimeanua mito ikiwa bado ya uvuguvugu. Unga nimeuokoa nusu, nusu kuku wameuona kabla yangu.)

*Bibi shikamoo, mimi ni bachela, napanga chumba Korogwe. Chumvi imegeuka maji, na viatu vyangu vya ngozi vya kazini vimeota manyoya meupe kama paka. Nivitupe au bado vinafaa?*
*Fundi umeme, Korogwe*

Marahaba. Vinafaa. Hayo manyoya ni koga. Vifute nje ya chumba, usiipeperushe koga kitandani, kwa kitambaa chenye siki kidogo, viache vikauke kivulini penye upepo, kisha upake rangi. Usivirudishe chini ya kitanda wala kwenye mfuko wa nailoni, vinapumulia wapi? Weka juu ya kabati na gazeti lililokunjwa ndani, ulibadilishe likilowa. Chumvi kaange kwenye sufuria kavu mpaka ianze kurukaruka, iache ipoe, tia kwenye chupa ya mfuniko wa kuzungusha pamoja na punje chache za mchele. Na uache kuchota kwa vidole vilivyolowa, nyinyi mabachela nawajua.

*Bibi, tangu mvua zianze, kila magharibi kumbikumbi wanaingia ndani kwa mamia. Mume wangu ni mtu wa Musoma, anafurahi, anatega beseni. Mimi wa Kilwa natapika. Na juzi nimeona wengine wanatoka kwenye fremu ya mlango wa chumbani, si nje. Tusaidie.*
*Mama Wawili, Mbagala*

Umeandika maswali mawili ukadhani ni moja, na lile dogo ndilo kubwa.

Wa nje wala wasikuumize kichwa. Kumbikumbi ni maharusi wa mchwa. Ardhi ikilowa wanatoka shimoni na mabawa yao, wanaruka usiku mmoja, wanayaangusha, wanatafutana wawili wawili wakachimbe nyumba mpya. Wengi hawafiki, wanaliwa na mijusi, ndege, kuku, na waume wa Musoma. Wanafuata mwanga. Kwa hiyo zima taa za ndani kwa muda wa saa moja, washa ya nje tu, chini yake beseni la maji. Asubuhi beseni ni la mumeo. Apepete mabawa kwa ungo, akaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe, atie chumvi. Mimi nilionjeshwa na shoga yangu Mjaluo, na sitasema uongo, ni kama karanga iliyokaangwa na mtu mwenye mapenzi. Huna haja ya kula, ila usimtapikie mwenzio sahani. Wewe unakula ngisi na wino wake.

Lakini wanaotoka kwenye fremu hawajaingia, wanatoka. Maana yake ufalme wao uko chini ya nyumba au ndani ya mbao. Gonga fremu kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Ikilia tupu kama ngoma, imeshaliwa. Angalia ukutani na nyuma ya kabati kama kuna vijia vya udongo vyembamba, hizo ndizo barabara zao. Maboksi, mbao na magunia yanayogusa ukuta yaondoe leo, kisha aitwe fundi anayejua dawa ya mchwa. Kuwapulizia hao warukao ni sawa na kumfukuza mgeni ukamwacha mwenye nyumba, asubuhi utakuta wengine.

*Bibi, nimefunga gata, nakinga maji ya mvua kwenye mapipa matatu. Jirani anasema nafuga mbu. Yeye uani kwake kuna matairi na vifuu vya nazi tele. Nani mwenye kosa?*
*Mkingaji, Chumbageni, Tanga*

Wote wawili, na bahati mbaya mbu hawasomi mipaka ya viwanja.

Mbu kutoka yai mpaka kuruka huchukua kama wiki moja hadi siku kumi, kukiwa na joto kama la kwetu. Kwa hiyo pipa lako lifunikwe kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, maji yapite, mbu asipite. Likiisha maji, lisugue kuta kwa brashi, kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hugandisha mayai ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi mingi yakisubiri mvua nyingine. Mwaka 2019 dengi ilipowapata watu wengi Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, mitaa mizima tulikuwa tunatembea tumeshika viuno. Ugonjwa si mgeni. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliandika kwamba watu waliuita kidinga pepo. Mtu akipata homa na maumivu ya viungo na nyuma ya macho, apimwe, na asimeze aspirini wala diklofenaki kwa kubahatisha, dengi ikiwa ndani zinaweza kuchochea kutoka damu.

Na mvua za mwanzo baada ya kiangazi usizikinge. Acha dakika kumi na tano za kwanza zioshe bati, kuna vumbi na mavi ya kunguru wa miezi mitatu. Ya kunywa chemsha hata hivyo.

Vifuu vya jirani je? Mwombe umnunulie. Mimi navitumia kuwashia jiko, vinashika moto hata siku ambazo mkaa umelowa. Utaondoka na mazalia yake yote kwa bei ya soda.

*Shikamoo Bibi. Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa pili. Huku baridi inaondoka, jana nimeanika nguo nje kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, nikalia kama mjinga. Mama yuko Pangani. Kila siku nampigia saa saba mchana wakati wa mapumziko ya kazini, lakini tangu wiki iliyopita analalamika namkatiza usingizi. Sijabadilisha kitu! Na je, naweza kupanda mchicha kwenye ndoo?*
*Binti wa Pangani*

Marahaba mwanangu. Hukubadilisha wewe, wamebadilisha wenye nchi. Jumapili ya mwisho ya Machi Uingereza inasogeza saa mbele kwa saa moja, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya baridi saa saba yako ilikuwa saa kumi ya mama yako, ameshaamka na kuswali alasiri. Sasa saa saba yako ni saa tisa yake, na saa tisa mvua ikinyesha juu ya bati Pangani, ni mtu gani mwenye akili asiyelala? Mpigie saa nane. Kama mapumziko hayasogei, mpigie jioni ukishatoka kazini, mradi isizidi saa moja yako, kwake itakuwa saa tatu usiku. Usijaribu kumweleza habari ya kusogeza saa. Mdogo wangu alikaa Birmingham, alimweleza mama kila mwaka, na kila mwaka mama alijibu, "Na jua nalo wamelisogeza?"

Kwa nguo kutoka nje nimekuelewa. Desemba huko jua linazama kabla ya saa kumi jioni, sasa hivi ni kama saa moja na nusu, na Juni itakwenda mpaka saa tatu na nusu usiku. Sisi huku ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hatujui kulililia jua, isipokuwa mwezi huu.

Mchicha unaota, lakini unataka joto. Uoteshe ndani, dirishani penye jua, mwishoni mwa Aprili, na usiutoe nje mpaka Mei iwe inaisha, kwa sababu usiku mmoja wa barafu unaulaza wote. Ndoo itobolewe chini. Ukifika urefu wa kiganja chuma vilele tu, usiung'oe, utachipua pembeni na utachuma tena na tena. Nazi ya kopo itafaa, mradi usimtajie mama.