Namba 720,720 na jirani yake 720,721

Ndugu muulizaji, umeandika kwamba uliorodhesha vigawo vya 720,720 (namba zinazoigawa pasibaki kitu) kimoja kimoja, ukafika 226 ukachoka, na sasa unataka kujua vimebaki vingapi. Vimebaki 14, maana jumla yake ni 240, na hesabu hiyo haihitaji orodha.

Nilikuwa karani katika ghala la boriti hapa Lamu, ambako miti ya mikoko huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kazi ya kuwagawia washirika ilinizoesha kuivunja namba hadi vigawo tasa, yaani vile visivyogawika ila kwa 1 na kwa vyenyewe, kabla ya jambo jingine lolote. Namba yako ni 720 mara 1,001. Namba ya tarakimu tatu ikizidishwa kwa 1,001 hujirudia, ndiyo sababu 720 imejipanga mara mbili. Sasa, 1,001 ni 7 × 11 × 13, na 720 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Kila kigawo hutokana na kuchagua: ya 2 utachukua ngapi, kuanzia sufuri hadi nne, kwa hiyo njia ni tano, ya 3 njia tatu, na 5, 7, 11 na 13, kila moja ama uichukue ama uiache. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, utapata 240. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo vingi hivyo, na Ramanujan, mwanahisabati wa India, alizichambua namba za jinsi hii katika makala ndefu ya mwaka 1915.

Tena ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Shehena ya boriti 720,720 (sijapata kuiona wala siitarajii) ingekuwa korja 36,036 kamili, na washirika hadi kumi na sita wangegawana pasibaki mti. Akija wa kumi na saba, hubaki miti mitano na ugomvi.

Ninapokukatalia ni hapo uliposema kwamba 720,721 lazima iwe tasa kwa kuwa haigawiki kwa chochote kuanzia 2 hadi 16. Haigawiki kweli, kwani kila mara hubaki 1, lakini hilo halitoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kulitangaza kosa hilo barazani, tena mbele ya wazee. Mpwa wangu, akiwa kidato cha pili, alitwaa karatasi akaanza na 17, 19, 23, akashika namba tasa peke yake, na kahawa ilikwisha kupoa alipofika 71, kwa maana 71 × 10,151 ni 720,721. Lau ingekuwa tasa, angelazimika kwenda hadi 839, kwa kuwa tasa inayofuata, 853, ikizidishwa kwa yenyewe huipita. Ile 10,151 tuliijaribu usiku huohuo hadi 97, ikakataa kugawika. Hiyo ndiyo tasa.