Kabla Hujakata Paa la Peugeot ya Mzee

Juzi kijana mmoja wa Mbagala ameniandikia. Baba yake kamwachia Peugeot 504, imelala uani, na tangu aone picha za yangu niliyoikata paa, pale Coco Beach, naye anataka ya wazi. Fundi kamwambia paa ni kazi ya siku moja, grenda tu. Nimemjibu, "Usikate bado, mdogo wangu." Kisha nikaona nieleze hapa kwa kirefu, maana wenye gari la mzee uani na hamu kama yake mko wengi.

Yangu ilikuwa ya baba mkubwa. Ina gia ya usukani, na ndani yake ndimo tulimopelekwa Bagamoyo kila sikukuu, watoto tumebanana kiti cha nyuma. Alipofariki ikabaki chini ya mwembe Magomeni mpaka kuku wakahamia. Miaka yote hiyo hakuna aliyeifuta hata vumbi. Lakini nilipotangaza kwamba nitaikata paa, shangazi alisimama kwenye kikao cha familia akasema nataka kumzika kaka yake mara ya pili. Neno lile liliniuma na bado linaniuma.

Wanaoiona 504 kama chuma chakavu hawaijui. Ilianza kutengenezwa mwaka 1968, mwaka 1969 ikachaguliwa gari la mwaka Ulaya. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Peugeot wenyewe waliuza 504 ya wazi iliyochorwa na Pininfarina wa Italia. Ila hawakuchukua saluni, yaani ile ya kawaida ya milango minne, wakaikata paa, la hasha. Waliipa bodi yake, na umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma wakaupunguza kutoka mita 2.74 hadi 2.55.

Sababu ni kwamba 504 ya saluni haina shasi ya kujitegemea kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo shasi. Chukua boksi la viatu, gundisha mfuniko, ujaribu kulisokota. Kisha ng'oa mfuniko usokote tena. Paa ndilo mfuniko. Ukilikata bila maandalizi, gari linalala katikati, milango inagoma kufunga, na kioo cha mbele kinaweza kupasuka kwenye shimo la kwanza ukitoka nyumbani.

Gereji ya kwanza niliyoipelekea ilichukua nusu ya pesa, ikaliacha gari nje masika nzima bila hata turubai. Niliporudi, maji yalikuwa yamesimama miguuni pa dereva, na bado walitaka kuanza na paa. Nikalivuta siku hiyohiyo. Pesa yangu sijarudishiwa mpaka leo.

Fundi aliyelijenga nilimpata Temeke, mtu mzima, mikono imejaa makovu ya cheche. Nilimuuliza, "Fundi, tunaanzia wapi?" Akajibu, "Chini, bosi. Paa ni la mwisho." Nikajua nimefika.

Alitoa viti, zulia na lami ya sakafuni. Akachukua bisibisi akawa anachoma bati kila mahali. Palipopenya alikata mpaka akakuta chuma kizima, ndipo akaweka kipya, kwa sababu hewa ya bahari ya Dar hula bati kutoka ndani na rangi ya juu haikuonyeshi kitu. Kisha akaweka gari sawasawa, uzito umekaa kwenye ekseli zake, akapiga alama kwa sindano ya chuma pembe nne za sakafu na kupima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, msalaba. Vipimo akaviandika ukutani kwa chaki. Kila baada ya kuchomelea alirudi kupima.

Vizingiti vya milango aliviongezea bamba la milimita 2 kwa ndani, kuanzia nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Chini ya sakafu akaunga skwea paipu kwa umbo la X. Milango ya nyuma tuliifunga kabisa kwa kuchomelea. Gari likawa la milango miwili na ubavu ukapata nguvu. Nguzo za kioo cha mbele zikatiwa chuma ndani, na nyuma ya viti vya mbele likapita bomba nene linaloshika mikanda. Kote alitumia mashine ya CO2, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, na kuchomelea vipande vifupivifupi, kwa sababu bati la gari lina unene wa karibu milimita moja tu, na joto likizidi linapinda.

Ndipo tukakata, kwa msumeno. Paa lilipotoka alipiga jeki kona moja ya mbele mpaka tairi ikaacha ardhi, akaniambia, "Fungua mlango." Nikafungua, nikafunga. Ukaitika vilevile, na uwazi wa pembeni haukubadilika. Mwambie fundi wako afanye jaribio hilo mbele yako. Akikataa, ondoka na gari lako.

Turubai la kufunika juu badala ya paa nalo lisikutishe. Fundi wa viti vya magari atalishona, ila akate kwanza kielelezo cha nailoni juu ya fremu, na atumie uzi wa polyester, maana wa pamba jua letu linaumaliza. Rangi, kila mtu na yake. Kadi ya gari imeandika aina ya bodi na rangi, kwa hiyo nenda TRA, mamlaka ya mapato, mapema, na bima uwaambie.

Vijana wenzangu, tunamwaga pesa kwenye spika na rimu, halafu tunamnyima fundi bodi pesa ya chuma. Hapana. Mlipe kwa hatua: sakafu ikiisha, lipa, jaribio la jeki likipita, lipa. Mheshimu, umletee chai, uwepo kazini. Tunasafirisha magari kutoka Japani kila siku kana kwamba hapa hakuna mikono, na mikono ipo Temeke, ipo Gerezani. Gari langu halina ndugu duniani, na limejengwa Dar. Shangazi bado hajapanda. Nimemwachia nafasi.

Wewe wa Mbagala, Jumamosi hii toa zulia, chukua bisibisi, anza na chini ya pedali na pembeni mwa vizingiti. Ikipenya, piga picha unitumie kabla hujamlipa mtu.